Neno "karatasi" na ukoo wake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu nianze kuwaambia watu kwamba karatasi, karata, kadi, chati, katuni, katoni na katriji ni neno moja lililoingia Kiswahili mara kadhaa kwa milango tofauti, maswali hayaishi. Kuna wanaokataa kabisa, na kuna wanaokubali haraka mno mpaka wanaanza kuunganisha kila neno linaloanza na ka. Nimeyakusanya hapa yale ninayoulizwa sana, soma kuanzia popote unapotaka.

Kwani karatasi sio neno la Kiswahili?

Ni la Kiswahili, hilo tulimalize mapema. Neno likishatamkwa na watu kila siku, likapata udogo wake (kikaratasi) na wingi wake wa kutupwatupwa (makaratasi), ni la hao watu. Kuuliza lilikotoka sio kulinyang'anya, ni kama kumuuliza mtu kwao wapi, haimaanishi hapa sio kwake.

Sasa lilikotoka. Sisi tumelipata kwa Waarabu, kwao ni qirtas. Jaribu kutamka polepole, qir-tas. Kiarabu hakina shida r na t kukaa zimebanana katikati ya neno, ila mdomo wa Kiswahili unapenda kila konsonanti ipate irabu yake, kwahiyo tumechomeka vokali pale katikati na nyingine mwishoni, ile q ya kooni ikawa k ya kawaida, ile t nzito ikawa t yetu, likatoka ka-ra-ta-si. Kuhusu hiyo a ya mwanzo, watu hudhani tumeikosea i, lakini kamusi za zamani za Kiarabu zenyewe zinataja matamshi matatu, qirtas, qurtas na qartas, kwahiyo a yetu ina watu wake huko huko.

Ila Waarabu nao walilipokea. Wataalamu wengi wanalifuatilia kupitia Kiaramu, lugha ya kale ya Mashariki ya Kati, mpaka Kigiriki, khartes. Hapo ndipo shina la ukoo wote huu.

Hiyo khartes ya Wagiriki ilikuwa karatasi kama hii ya kwetu?

Hapana, na hili ndilo jambo ninalolipenda kuliko yote kwenye hii stori. Khartes ilikuwa jani la mafunjo. Mafunjo ni yale matete marefu yanayoota majini, shina lake lina pembe tatu, mto Nile ulikuwa umejaa hayo. Wamisri walikuwa wanamenya shina, ule moyo mweupe wa ndani wanaukata vipande vyembamba virefu, wanavipanga ubavu kwa ubavu, juu yake wanapanga safu nyingine kwa kukingama, wanagandamiza, wanakausha, wanasugua mpaka panakuwa laini. Utomvu wa mmea wenyewe unashika. Halafu kurasa zinaunganishwa kwa gundi moja baada ya nyingine zinakuwa msokoto mrefu. Wagiriki walikuwa wananunua hiyo misokoto Misri, ndio maana wapo wanaohisi hata neno khartes ni la Kimisri, ila hakuna aliyewahi kuonyesha neno lenyewe la Kimisri kwa hiyo asili yake inaishia hapo kwa Wagiriki.

Karatasi tunayoijua ni ya Wachina. Anayetajwa ni Cai Lun, ofisa wa ikulu ya utawala wa Han, mwaka 105, aliyetumia magome ya miti, katani, matambara na nyavu kuukuu za kuvulia samaki, ingawa wachimbuzi wa mambo ya kale wameshapata vipande vya zamani kuliko yeye. Ufundi huo ulifika Samarkand, mji wa Asia ya Kati, karne ya 8, stori inayosimuliwa sana ni kwamba ulifika kwa mateka wa Kichina baada ya vita vya Talas kati ya Waarabu na Wachina mwaka 751, na kabla karne haijaisha Baghdad walikuwa wanatengeneza yao. Kutoka hapo ikaenda Hispania, karne ya 12 walikuwa wanatengeneza Xàtiva, na karne ya 13 Fabriano kule Italia.

Umeona kilichotokea? Kitu kipya kimekuja kutoka mashariki, lakini watu hawakukipa jina jipya, walikivika jina la kitu cha zamani kilichofanya kazi ileile. Mafunjo yameondoka, jina limebaki.

Mbona Qurani inataja karatasi, wakati Waarabu walikuwa hawajapata karatasi?

Swali zuri sana, na anayeuliza hivi huwa amesoma. Sura ya Al-An'am aya ya 7 inataja kitabu katika qirtas, na aya ya 91 ina wingi wake, qaratis. Hiyo ni karne ya 7, karatasi ya Kichina imefika kwa Waarabu karne iliyofuata. Hakuna mgongano wowote, qirtas wakati huo ilikuwa ni kitu cha kuandikia, mafunjo au ngozi iliyoandaliwa. Ukisoma tafsiri ya Kiswahili ukakuta "karatasi" mfasiri hajakosea, ametumia neno lilelile, ni kitu chenyewe ndio kimebadilika tangu hapo.

Kama ni neno la Kiarabu, mbona Waarabu wanaita karatasi waraq?

Kweli, ukienda dukani leo unataka karatasi Kiarabu utasema waraq, ambayo maana yake ya asili ni majani, majani ya mti. Qirtas imekuwa neno la vitabuni zaidi, ila haijafa, vifaa vya kuandikia kwa ujumla vinaitwa qirtasiyya, na Waturuki wanasema kırtasiye.

Na sisi tumechukua yote mawili! Waraka ni hiyo hiyo waraq. Ila tumeyagawia kazi, karatasi ni kitu chenyewe, waraka ni ujumbe ulioandikwa juu yake. Unaweza kuchana karatasi bila kosa lolote, ila ukichana waraka umechana maneno ya mtu. Wasomali walichukua waraq wakapata warqad, Waethiopia kwa Kiamhari wana wereqet, Wamalay na Waindonesia wakachukua qirtas wakapata kertas. Kertas! Mtu wa Jakarta na mtu wa Kiswahili wakionyeshana karatasi wanaweza kuelewana bila mkalimani, kwa sababu bahari ni moja na wafanyabiashara walikuwa ni walewale.

Karata za kucheza nazo zina uhusiano gani na karatasi? Si zinafanana tu?

Kufanana sio bahati. Ila karata haikutokana na karatasi, hawa ni kama watoto wa ndugu wawili. Khartes ya Kigiriki ilipoenda kwa Warumi ikawa charta, na charta ikazaa carta kwa Wareno. Vasco da Gama alifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498, Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593 na wakaipoteza mwaka 1698, na katika hiyo miaka mia mbili wakatuachia maneno: meza, bendera, gereza. Na karata.

Uthibitisho uko mkononi mwako, shika pakiti ya karata uangalie majina. Kopa, shupaza, uru, pau. Kwa Wareno ni copas, espadas, ouros, paus. Yaani vikombe, panga, dhahabu, na magongo. Na turufu ni trunfo yao. Hakuna hata moja la Kiarabu hapo, mchezo mzima uliingia na majina yake.

Sasa chukua ile ya kopa uitazame vizuri. Imechorwa moyo, sio? Moyo mwekundu, lakini jina linasema vikombe. Hii ilinisumbua muda mrefu mpaka nilipojua kwamba karata za zamani za Wareno na Wahispania zilikuwa zimechorwa vikombe kweli, panga kweli, sarafu za dhahabu na magongo. Baadaye michoro ya Kifaransa ikaenea ikaleta moyo na maua na kadhalika, Wareno wakapokea picha mpya wakabaki na majina ya zamani, na sisi tukabaki nayo pamoja nao. Kwahiyo kila mtu anayetupa kopa mezani anatamka jina la picha iliyoondoka kwenye karata hiyo zamani sana.

Na kadi?

Kadi ni charta ileile ya Kirumi, imepita kwa Wafaransa ikawa carte, Waingereza wakaichukua wakaigeuza t ya mwisho kuwa d, card, na sisi tukaongeza i. Kwahiyo karata na kadi ni neno moja lililoingia mara mbili, moja na Mreno, moja na Mwingereza, na kila moja limebaki na kazi ya mlango wake. Karata ni mchezo. Kadi ni mambo ya ofisi na mambo rasmi: kadi ya benki, kadi ya uanachama, kadi ya mwaliko, kadi ya kliniki. Hakuna mtu anayeonyesha karata ya benki. Kadi nyekundu na ya njano za mpira zilianza kutumika kwenye Kombe la Dunia Mexico mwaka 1970, wazo la refa Mwingereza Ken Aston, ili mchezaji na refa wasiojua lugha moja waelewane kwa rangi tu.

Hili la katuni na katoni umelitoa wapi?

Hili ndilo watu hawaamini. Kachukue katoni yoyote, hata iwe na picha ya katuni ubavuni, halafu nisikilize.

Kiitaliano karatasi ni carta. Wakitaka kukuza kitu wanabandika -one mwishoni, sisi tungesema jikaratasi, wao wanasema cartone. Cartone ni karatasi kubwa nene. Hapo njia zinaachana.

Njia ya kwanza ni ya maboksi na haina mambo mengi, Wafaransa walichukua wakasema carton, ikawa jina la karatasi nene na boksi linalotengenezwa nayo, Waingereza wakachukua, sisi tukapata katoni.

Njia ya pili ni ya wachoraji. Mtu anayechora ukutani juu ya plasta mbichi hana muda wa kufutafuta, plasta inakauka. Kwahiyo mafundi wa Italia walikuwa wanachora kwanza picha nzima kwa ukubwa wake kamili juu ya cartone, wanatoboa vitundu vidogo vidogo kwa sindano kufuata mistari yote, wanaipachika ukutani, halafu wanapigapiga juu yake kifuko cha vumbi la mkaa. Ukiondoa karatasi unakuta picha imebaki ukutani kwa nukta nyeusi, unaanza kupaka rangi. Mchoro huo wa maandalizi ndio ulioitwa cartone. Wengine waliutumia kwa kazi ya kufuma, mchoraji Raphael alichora zake mwaka 1515 na 1516 kwa ajili ya mazulia ya ukutani ya kanisa la Sistine kule Vatikani, saba bado zipo London. Ni picha nzito za mitume, hakuna kichekesho hata kimoja ndani yake, na zinaitwa cartoons mpaka leo.

Vichekesho vimeingiaje? Bunge la Uingereza liliungua mwaka 1834, walipojenga jipya wakataka lipambwe kwa michoro ya ukutani, wachoraji wakashindanishwa, na mwaka 1843 michoro yao ya maandalizi ikawekwa maonyesho. Gazeti la Punch la London likaona serikali inahangaika na mapambo wakati watu wana njaa, likachapisha "cartoon" yake lenyewe, mchoro wa John Leech unaoonyesha maskini wamesimama wanatazama picha za matajiri. Jina likaganda hapo. Michoro ya kejeli ya magazetini ikawa cartoon, baadaye ikaja michoro inayotembea, na mtoto anayekaa mbele ya runinga asubuhi akisema anataka katuni anatumia neno la fundi wa plasta.

Kwahiyo katuni na katoni sio ndugu tu, ni mapacha.

Katriji je? Si ya risasi hiyo?

Ya risasi na ya wino, zote. Kiitaliano tena, cartoccio ni karatasi iliyosokotwa kama bomba au kama ile pembe ya kuwekea karanga. Wafaransa wakafanya cartouche, Waingereza cartridge. Zamani baruti ya bunduki ilipimwa ikafungwa kwenye msokoto wa karatasi, askari anang'ata ncha kwa meno, anamimina baruti kwenye mtutu, anashindilia. Kung'ata huko ndiko kulikolipua mambo India mwaka 1857, askari wa Kihindi walipoamini kwamba misokoto mipya imepakwa mafuta ya ng'ombe na ya nguruwe, kitu ambacho Mhindu na Mwislamu wote wawili wasingeweza kutia mdomoni. Msokoto wa karatasi ulikuwa na uzito wa namna hiyo.

Leo katriji ni ya plastiki na ndani ina wino. Siku moja nilikuwa nabadilisha katriji kwenye printa, nimefungua katoni, nimetoa rimu, napanga karatasi kwenye trei, mkono mmoja ukiwa mweusi wa wino, nikasimama nikajiona nimezungukwa. Katriji, katoni, karatasi, na niliyokuwa nachapisha ilikuwa chati. Neno moja la Kigiriki limejaa kwenye meza moja, na kila moja limenifikia kwa njia yake.

Chati ni hiyohiyo?

Ndiyo, ni charta hiyohiyo kupitia Kifaransa na Kiingereza, kwanza ikiwa ramani ya mabaharia, baadaye mchoro wa takwimu, baadaye orodha ya nyimbo. Haina mengi zaidi ya hayo.

Na rimu pia ipo kwenye ukoo?

Haipo kwenye ukoo, ila safari yake ni nzuri mno siwezi kuiacha. Waarabu wana rizma, maana yake fungu, kitu kilichofungwa pamoja. Waliowafundisha Wahispania kutengeneza karatasi waliwafundisha na kuzihesabu, ikawa resma, Wafaransa wakaipokea, Waingereza wakasema ream, sisi rimu, karatasi 500. Karatasi lilitoka Ulaya kwa Wagiriki likapita kwa Waarabu likaja kwetu. Rimu limetoka kwa Waarabu likapita Ulaya yote likaja kwetu. Yamekuja kukutana kwenye pakiti moja.

Lugha nyingine wanalitumia kwa maana gani? Mimi ni mkalimani, naogopa kukosea.

Uko sahihi kuogopa, hapa watu wanaanguka kila siku. Carta kwa Mwitaliano ni karatasi yenyewe. Kwa Mhispania na Mreno carta ni barua, na karatasi yao wanaita papel. Kwa Mfaransa carte ni kadi, ni ramani, ni orodha ya vyakula hotelini, yote hayo, na karatasi ni papier. Mjerumani ana Karte, ila anapenda kuitanguliza na kitu kingine ndio ujue ni ipi, Landkarte ramani, Fahrkarte tiketi ya kusafiria, Postkarte kadi ya posta. Mrusi akisema karta ni ramani au karata. Kiebrania wana kartis, ukiisikia unadhani mtu anasema karatasi haraka haraka, ila maana yake ni tiketi au kadi. Wagiriki wenyewe wa leo wana kharti kwa karatasi na khartis kwa ramani.

Wahausa wanasema takarda, ni karatasi, na ile ta ya mwanzo ni alama ya njia lililopita, Waberberi wa jangwani wanaanza nomino zao za kike kwa ta, kwahiyo neno lilivuka Sahara likiwa limeshavishwa hiyo ta, na Wahausa wakalipokea hivyo hivyo na mavazi yake. Kwa Wayoruba likafika likiwa tákàdá.

Na kwa wanaosoma sheria, ile Magna Carta ya Uingereza ya mwaka 1215 ni "waraka mkubwa" tu kwa Kilatini, na iliandikwa kwenye ngozi, sio karatasi. Kuna nyingine nzuri zaidi, charta partita, karatasi iliyogawanywa. Mkataba unaandikwa mara mbili kwenye ukurasa mmoja, unakatwa katikati kwa mkato wa kupindapinda, kila mtu anabaki na nusu, siku ya ugomvi mnaleta vipande, visipoingiana kuna mtu kafoji. Mkataba wa kukodi meli mpaka leo kwa Kiingereza unaitwa charter party kutokana na hiyo.

Karate, karati, karani, Carthage... nazo zimo?

Hazimo, na naomba sana tuwe makini hapa. Karate ni Kijapani, kara ni tupu na te ni mkono, mkono mtupu. Karati ya kupimia dhahabu na almasi imetoka Kiarabu qirat, na hiyo ilitoka kwa Wagiriki pia, keration, ambayo ni mbegu ya mti wa karobu iliyotumika kama kijiwe cha mizani. Angalia qirat na qirtas zilivyokaribiana, zote za Kigiriki, zote zimepita kwa Waarabu, na bado hazina undugu hata kidogo, moja ni mbegu moja ni mafunjo. Carthage na Cartagena ni majina ya miji kwa Kifoinike, lugha ya kale ya pwani ya Lebanoni, qart ni mji, jina zima linamaanisha mji mpya. Karani anashinda na makaratasi mchana kutwa ila jina lake halikutoka huko.

Na ukurasa. Huu unanichanganyia watu sana kwa sababu unahusu karatasi kabisa, ila umetoka Kiarabu kurrasa, daftari dogo. Ina k ya kawaida sio q, haina t, ni neno lingine. Ndio maana nasema fuata sauti, maana peke yake itakudanganya.

Tuseme "karatasi hii" au "karatasi hili"?

Kwa Kiswahili sanifu ni karatasi hii, karatasi hizi. Makaratasi ipo na ni nzuri, ila ina ladha yake, mtu akisema "toa makaratasi yako hapa" ameshaudhika. Na waliopo ughaibuni wana maana nyingine, "bado hajapata makaratasi", yaani vibali vya kuishi, hapo neno linabeba maisha ya mtu mzima, halina dharau yoyote.

Wazungu wengi wanasema paper, papier, papel. Hiyo ni familia nyingine?

Ni neno lingine la mmea uleule. Mafunjo kwa Kigiriki yalikuwa papyros, ndio paper. Kwahiyo wanafunzi wanaposema "pepa ilikuwa ngumu" wakimaanisha mtihani, wametaja mafunjo. Jina la tatu la mafunjo kwa Wagiriki lilikuwa byblos, na kutoka hapo wakapata neno la kitabu, na kutoka kwenye kitabu tumepata Biblia. Tete moja la mtoni, na Kiswahili kimelipata kwa majina matatu, karatasi, pepa na Biblia, bila hata kuhesabu mafunjo ambalo ni letu wenyewe.

Kuna vifaa vingine vya kuandikia vilivyosafiri hivi?

Kalamu. Kigiriki kalamos, unyasi au tete, kwa sababu kalamu za kwanza zilikuwa tete lililochongwa ncha, Waarabu wakasema qalam, tukapokea. Leo tunaiita kalamu hata ile ya kuandikia kwenye kioo cha simu.

Na daftari. Hii ilinishangaza kuliko kalamu. Kiarabu ni daftar, lakini nyuma yake kuna Kigiriki diphthera, ngozi ya mnyama iliyoandaliwa, maana watu waliandika juu ya ngozi. Karne ya 19 daktari Mfaransa Pierre Bretonneau alikuwa anachunguza ugonjwa unaoziba koo za watoto kwa utando mgumu wa kijivu, akautazama ule utando, akaona ni kama ngozi, akaupa ugonjwa jina kutokana na diphthera. Ndio dondakoo. Daftari la mtoto na chanjo anayochomwa asipate dondakoo vimetoka kwenye kipande kimoja cha ngozi.